Ngombezi na Ndege Ndogo: Kazi ya Rubani wa Porini Hupatikanaje?

Msomaji mpenzi, kama hujapata kufika Ngombezi, njia si ngumu. Ukishuka basi hapo Korogwe, panda pikipiki uelekee upande wa machweo, na kabla hujachoka kukaa utakuwa umekwisha fika. Kuume kwako yasimama milima ya Usambara, asubuhi ikiwa imejifunika ukungu. Kushoto, ng'ambo ya mto Pangani ambao wazee huuita Ruvu, nchi yalala tambarare kwenda Handeni kwa Wazigua, nchi ya joto na vumbi na asali nzuri. Katikati ni mkonge. Mkonge mbele, mkonge nyuma, mistari imenyooka kama iliyopigwa kwa kamba, na kwa kweli ilipigwa kwa kamba.

Zao hili lililetwa mwaka 1893 na Mjerumani mmoja, Richard Hindorf. Miche elfu moja ilitoka Florida, huko Marekani. Iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kwa ajili ya miche hiyo 62 na vizazi vyake, babu zetu wengi waliitwa manamba, wakaja toka mbali kukata majani na kulisha korona, nasi wajukuu wao ndio tuliojaa vigango vya huku. Reli ya Tanga nayo ilifika Korogwe mwaka 1902. Basi watu wa Ngombezi ni watu waliozoea neno safari. Hatukuota hapa kama mibuyu. Tuliletwa na kazi, na watoto wetu hupelekwa na kazi.

Sasa nataka uchukue ramani ya nchi yetu pamoja na rula ya mtoto wa shule. Weka ncha moja Arusha, na nyingine Unguja, kisha piga mstari. Utaona mstari huo wapita juu ya nchi iliyo kati ya Korogwe na Handeni, yaani karibu na juu ya vichwa vyetu. Ndiyo sababu siku nyingi, hasa wakati wa kiangazi, twasikia mngurumo, na watoto wakitoka mbio nje huona ndege ndogo yenye mbawa juu ya madirisha, si ile kubwa iachayo mstari mweupe mbinguni. Hizo ndogo hutoka mbugani na kuwapeleka wageni pwani. Watoto huzipungia mikono. Rubani hawaoni, lakini wao husadiki kwamba awaona.

Ndege za zamani zilizoonekana katika bonde hili hazikuja na watalii. Zilikuja mwaka 1916, wakati wa vita vya Waingereza na Wajerumani. Jeshi la Jenerali Smuts liliufuata mto Pangani, likatwaa Korogwe mwezi wa Juni, na Handeni mwezi huo huo. Pamoja nalo kilikuwako Kikosi cha 26 cha ndege za Waingereza, kilichoundwa kwa watu wa Afrika Kusini, na ndege zao zilikuwa za mbao na turubai. Ziliruka mbele ya jeshi kuchungulia adui vichakani, na viwanja vyake vilikuwa vile vilivyofyekwa porini kwa mapanga na majembe. Kwa hiyo kati ya marubani wa porini wa zamani walioiona nchi yetu toka juu, wako waliotoka kusini mwa Afrika. Leo habari imegeuka: vijana wetu ndio watakao kwenda kusini kutafuta kazi hiyo. Na hapo ndipo lilipo jambo ninalotaka kukueleza.

Mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, kwa hiyo wengi huniita Mwalimu, ingawa siku zangu zapita katika vitabu vya ubatizo, risiti za zaka na barua za watu. Siku moja alikuja mama mmoja mjane wa kigango chetu, pamoja na kijana wake aliyemaliza kidato cha sita na kufaulu vema fizikia na hesabu. Mama huyo ni mkulima mdogo wa mkonge, katika mpango ule ulioanza mwaka 1999 wa kuwapa wanakijiji sehemu ya mashamba makubwa ya Ngombezi, Magunga, Mwelya, Magoma na Hale walime wenyewe. Wajua mwenyewe, msomaji, kwamba mkonge si mchicha. Ukiupanda wangoja kama miaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza. Lakini ukishaanza kukata, wakulipa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Mama huyo amesomesha watoto wanne kwa majani hayo.

Alinipa karatasi akasema, “Mwalimu, nisomee hapa. Wasema shilingi ngapi?”

Ilikuwa barua ya chuo cha urubani cha Afrika Kusini. Nilihesabu randi, nikazigeuza kuwa shilingi, nikahesabu tena. Zilizidi milioni 100, na chakula bado. Barua ilikuwa na picha nzuri: kijana mwenye miwani myeusi, nyuma yake ndege, na nyuma ya ndege tembo. Chini yake yaliandikwa maneno ya kusema kwamba mwenye leseni ya biashara aweza kupata kazi Botswana, Namibia na Zambia, huko porini wanakohitajiwa marubani. Mama alikuwa tayari kuuza haki yake ya shamba pamoja na kiwanja chenye nyumba. Mnunuzi alikwisha patikana. Wanunuzi wa aina hiyo hawakosekani kamwe.

Sikumwambia auze wala asiuze. Nilimwambia, “Mama, tusikate shauri juu ya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekiona. Twende kwanza tukaulize wenye kazi.” Alikubali, ila kwa sharti kwamba mjomba wa kijana aende pia, kwa kuwa jambo la shamba ni la ukoo. Basi tukawa watu watatu.

Tulianza Tanga kwa kuwa ni karibu. Uwanja wa Tanga ni mtulivu. Huko wazee bado huikumbuka East African Airways, iliyoanza mwaka 1946 ikafa mwaka 1977, wakati Jumuiya ya kwanza ilipovunjika. Tuliona ndege moja ikitua toka Pemba, wakashuka abiria saba na makapu yao, wakapanda wengine, ikaondoka. Haikupita robo saa. Hatukupata wa kuzungumza naye zaidi ya askari wa lango, naye alituambia kwa wema, “Mkitaka marubani, nendeni Arusha. Huko wamelala kama daladala stendi.”

Ni kweli. Uwanja mdogo wa Arusha uko Kisongo, nje ya mji, katika njia ya kwenda Makuyuni. Usiuchanganye na ule mkubwa wa Kilimanjaro. Tulifika saa moja na nusu asubuhi, na ndege zilikuwa zimejipanga mbavu kwa mbavu. Nyingi zilikuwa za aina ya Cessna Caravan: injini moja, pangaboi moja mbele, viti kama kumi na viwili, na chini ya tumbo sanduku refu la mizigo. Magurudumu yake hayakunjwi. Hubaki nje kama miguu ya korongo, maana mahali zinapotua ni changarawe na majani, si lami.

Hapo nikaona jambo ambalo picha ya chuo haikulionyesha. Rubani mwenyewe, shati jeupe na mabega yenye mistari, alikuwa akipima mizigo kwa mizani. Kila abiria aruhusiwa kilo 15, tena katika mfuko laini unaoweza kusukumwa pembeni. Mgeni mmoja alikuwa na sanduku gumu lenye uzito mara mbili, akawa mkali. Rubani hakupandisha sauti. Alimweleza, akalifungua pamoja naye, akamsaidia kuchagua vitu vya kuacha. Kisha alizunguka ndege yake, akagusa kila bawaba, akachuja mafuta kidogo katika chupa safi ayatazame kama hayana maji. Kisha akapangusa kioo. Kazi ya rubani wa porini ni urubani, ukuli, ukarani, na udereva wa basi, yote ndani ya shati moja.

Ukali wa mizani una sababu. Uwanja huo uko zaidi ya futi 4,500 juu ya usawa wa bahari, na viwanja vingi vya Serengeti ni vya juu hivyo au kupita. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya joto ni nyepesi zaidi. Bawa hukamata hewa kama kasia likamatavyo maji. Hewa ikipungua nguvu, ndege yataka kukimbia mbali zaidi kabla ya kuinuka. Kilo 30 za sanduku moja, saa nane ya mchana, katika kiwanja kifupi chenye miti mwishoni, si jambo la kucheka.

Dada mmoja rubani, Mtanzania, alikuwa akingoja abiria waliochelewa. Nilimwamkia nikamweleza shida yetu. Alimtazama kijana akamwuliza, “Una saa ngapi?”

Mjomba wake alitazama saa ya mkononi akajibu, “Saa mbili kasorobo, mama.”

Yule dada alicheka, lakini si kwa dharau, kisha akatueleza. Urubani huhesabiwa kwa saa za hewani, nazo huandikwa moja moja katika daftari. Leseni ya kwanza, ya kuruka bila kulipwa, yataka saa 40 kwa uchache. Leseni ya biashara, ambayo kwayo waweza kupokea mshahara, yataka saa 200, au 150 kwa aliyesoma mfululizo katika chuo kilichoidhinishwa. Ile ya juu kabisa, ya nahodha wa ndege kubwa za abiria, yataka saa 1,500.

“Sasa sikilizeni,” akasema. “Chuo kitakupa saa 200, nawe utakuwa na leseni halali. Lakini wenye makampuni, na bima zao, hutaka uwe na saa 500, wengine 1,000, ndipo wakukabidhi Caravan yenye watu. Utazipata wapi hizo nyingine, na hakuna akupaye ndege?”

Hapo tukanyamaza wote watatu. Mimi nilikuwa nimedhani, kama wengi wa wasomaji, kwamba ugumu uko katika masomo na ada. Kumbe baada ya ada liko bonde, na wengi hufia bondeni humo, leseni ikiwa kabatini. Dada alisema yeye mwenyewe alikaa muda mrefu baada ya leseni akifanya kazi ya ofisi katika kampuni ya ndege: kuandika orodha za abiria, kupiga simu, kupokea watu asubuhi. Kila kiti cha mbele kilipokuwa tupu aliomba akakae karibu na rubani atazame. Siku rubani mmoja alipoacha kazi, wakubwa hawakutafuta mtu mbali. “Hawakuniajiri kwa sababu ya leseni. Leseni walikuwa nazo nyingi mezani, zimetumwa kwa barua. Waliniajiri kwa kuwa walinijua navyofika asubuhi.”

Nikamwuliza habari za kusini. Alituelekeza kwa mzee mmoja aliyekuwa akinywa chai kibandani, rubani aliyefanya kazi Botswana ujanani. Mzee huyo hupenda kuzungumza, nami ni mtu wa kuandika, basi chai ikawa nyingi.

Alisema, mji unaotajwa na kila kijana mwenye leseni mpya kusini mwa Afrika ni Maun, kaskazini ya Botswana. Uko ukingoni mwa Okavango, mto usiofika baharini. Maji yake hutoka Angola, yakaenea katika mchanga na kufanya vijito na visiwa bila hesabu, kisha yakapotea humo humo. Mahali hapo paliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2014. Ajabu yake ni kwamba mvua hunyesha Angola mwanzoni mwa mwaka, lakini maji huchukua miezi kusafiri, na hujaa katika visiwa vya Okavango wakati wa kiangazi, Juni na Julai, mbingu zikiwa safi. Kambi za wageni ziko visiwani humo, na gari haliwezi kufika au hufika kwa taabu. Basi ndege ndogo ndizo gari, lori na posta. Zaleta wageni, mboga, vipuri na wafanyakazi waliotoka likizo.

Vijana hufikaje? Wengi hawaiti simu wala hawatumi barua tu. Wanajua wageni wataanza kuwa wengi mwezi wa Juni hadi Oktoba, basi wao huja miezi ya mwanzo wa mwaka, na leseni na saa 200 au 250. Hupanga hema au chumba, kisha hupita ofisi moja baada ya nyingine, wakisalimu na kuacha karatasi zao. Juma lijalo hurudi tena. Mwezi ujao tena. Wako waliopata kazi siku ya kumi, na wako walioishiwa fedha wakarudi kwao, Ulaya au Afrika Kusini, bila kushika usukani hata mara moja. “Siri ya Maun,” akasema mzee, “ni mfuko. Mwenye fedha za kula miezi mitatu au minne humshinda mwenye akili aliyekuja na za wiki mbili.”

Nikauliza, “Na Mtanzania je?”

“Mtanzania huko ni mgeni kama Mjerumani. Serikali ya Botswana yataka raia wake waajiriwe kwanza, nayo ina haki. Utahitaji kibali cha kazi, na leseni yako itabidi ikubaliwe na wakubwa wa anga wa huko. Huku kwetu, je, si sisi pia twadai mgeni asipewe kazi ambayo mwananchi aiweza? Basi wewe wa Korogwe wauza shamba ukashindane kwa Watswana, na mbuga umeziacha nyuma yako.”

Kisha akataja kwa vidole: Seronera na Kogatende huko Serengeti, Manyara, Ruaha, Katavi, Mahale ambako hakuna barabara ya maana, Mafia, Pemba, na Saadani ambayo ni jirani yetu. Tena kazi si ya watalii tu. Liko Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani, lililoundwa na nchi za Afrika Mashariki mwaka 1962, ambalo ndege zake hunyunyiza dawa juu ya nzige na juu ya kwelea kwelea. Wakulima wa mpunga wa Mombo hawahitaji kuelezwa kwelea kwelea ni nini. Na mwaka 2021, nzige walipoingia upande wa Longido na Simanjiro, walifuatwa kwa ndege.

Liko pia tawi jingine la kazi hii, nalo wasomaji wa gazeti hili watapenda kulijua. Mwaka 1925 alikufa kwa ugonjwa padre mmoja kijana, Otto Fuhrmann, huko kaskazini mwa Namibia ya leo, kwa sababu daktari alikuwa mbali na njia haikuwako. Rafiki yake, Padre Paul Schulte, aliyekuwa rubani katika vita vya kwanza, alipata uchungu, akaanzisha mwaka 1927 chama cha kuwapatia wamisioni magari, mashua na ndege. Katika nchi zetu, Daktari Michael Wood, mpasuaji aliyerusha ndege mwenyewe, alikuwa mmoja wa watatu walioanzisha mwaka 1957 kazi ya madaktari warukao, ile ijulikanayo sasa kama AMREF. Na hapo hapo Arusha, Padre Pat Patten wa Shirika la Roho Mtakatifu alianzisha mwaka 1983 huduma ya ndege ya kupeleka kliniki kwa Wamasai wa mbali. Katika kazi za namna hiyo rubani hutua penye mstari wa mawe yaliyopakwa chokaa, baada ya kupita chini mara moja kuwafukuza ng'ombe. Mzee alisema, ukilala porini, zungushia magurudumu matawi ya miiba, maana fisi hutafuna mpira. Mjomba alidhani ni utani. Haukuwa.

Tuliporudi Ngombezi, mama alikuwa ametukalia barazani. Nilimsomea daftari langu lote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo mimi nilikuwa nikilikwepa: “Huanguka?”

Sikumficha. Nilimwambia habari ya Michael Grzimek, Mjerumani wa miaka 24, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake, kwa ndege waliyoipaka milia kama punda milia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tai, ikaanguka, akafa. Kaburi lake liko ukingoni mwa bonde la Ngorongoro, na wasafiri wote hupita hapo. Nilimwambia pia kwamba ndege za leo ni bora kuliko zile, injini ni za kuaminika, na sheria huweka kikomo cha saa za kazi ili rubani asichoke. Lakini tai wangali wapo.

Alinyamaza kidogo. Halafu akauliza la pili, “Na akipata leseni asipate kazi, Mwalimu, nitakula leseni?”

Mjomba alisema auze, kwa kuwa mtoto mwenye kipawa ni shamba la pili. Mimi nilisema nilionalo, na nakuambia wewe pia msomaji ambaye labda una kijana wa namna hiyo nyumbani. Leseni si kazi. Fedha zikitosha leseni tu, hazitoshi. Zahitajiwa pia za kungoja baada yake, na za kupimwa kila mwaka, na za kuendelea kuruka ili mkono usisahau. Aliyeuza kila kitu hana cha kumngojesha. Kwa hiyo shamba ndilo mfuko ambao yule mzee aliusema, na kuliuza ni kuutoboa mfuko kabla ya safari.

Liko jambo jingine ambalo dada yule alitusisitizia, nami nalirudia. Kabla ya kulipa senti kwa chuo cho chote, kijana apimwe na daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, kipimo cha daraja la kwanza. Macho, masikio, moyo, mkojo, na kutambua rangi. Wako vijana wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani, wala hawajui, kwa kuwa shambani hakuna aliyewauliza. Gharama ya kipimo hicho ni kama tone kando ya ada ya chuo. Mtu agundue kwanza. Na kuhusu mawakala wanaopiga simu wakitaka “ada ya fomu” itumwe upesi kabla nafasi hazijajaa: mmoja alimpigia hata mama huyu. Vyuo vilivyoidhinishwa vyajulikana na Mamlaka hiyo, na kuuliza hakulipiwi.

Njia ya kusomea nayo si kusini peke yake. Chuo cha Soroti, Uganda, kilianzishwa mwaka 1971 na Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa ajili ya vijana wa nchi zetu. Nairobi, katika uwanja wa Wilson uliopewa jina la Bibi Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni ya ndege mwaka 1929, viko vyuo vya urubani. Na Dar es Salaam, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hufundisha mafundi wa ndege, kikapata na ndege ndogo za kufundishia marubani. Ufundi wa ndege ni kazi kamili, si makombo ya urubani, na fundi haambiwi alete saa 500.

Mama hakuuza. Alisema hivyo kwa mjomba mbele ya wazee wawili wa kigango, na mnunuzi akaenda zake. Kijana alinuna wiki moja, sitasema hakununa. Kisha akauza baiskeli yake, akaenda Dar es Salaam kupimwa, akafaulu, hata rangi. Kwa karatasi hiyo alirudi mwenyewe katika uwanja mmoja wa ndege na kuomba kazi yo yote. Wakampa mizani. Sasa ndiye apimaye mifuko ya wageni, kilo 15 kila mmoja, kabla jua halijatoka, na ameomba nafasi ya ufundi wa ndege kwa mwaka wa masomo ujao. Mara mbili amekwisha kaa kiti cha mbele kilipokuwa tupu. Mara ya pili walipita juu ya huku kwetu wakielekea Unguja. Aliniandikia kwamba Ngombezi toka juu yaonekana kama mkeka wa kijani, na kwamba aliitambua korona kwa moshi na bati, lakini nyumba yao hakuiona.

Mama yake amekata mkonge wa msimu huu, na malipo ya kwanza ameyaweka benki kwa jina lake mwenyewe, si la kijana. Cheti cha daktari huisha nguvu baada ya miezi 12. Cha kijana chaisha mwezi wa Februari, na nauli ya kwenda kupimwa tena tayari iko katika bahasha, nami nimeombwa niitunze katika kabati la ofisi pamoja na vitabu vya ubatizo.